Kompyuta Iliyombadilisha Baba Jina

Mbinya, uko? Tumekaa kupanga programu ya mazishi ya Mama, na dada yangu Syombua ametamka jambo ambalo lazima nikusimulie.

Unakumbuka tulipomzika Baba, mwaka wa 97? Syombua ndiye aliyekuwa akichapa programu za mazishi za mtaa mzima wa Jericho kwa taipureta yake. Ya Baba akapewa Carolyne, yule msichana wa kanisani kwetu, kwa sababu ofisini kwao kulikuwa na kompyuta. Wivu ukamkaba dada. "Eti mashine inajua kuandika kunishinda!"

Kumbe ile kompyuta haikulijua jina la Baba, Wathome. Ikalisahihisha kuwa neno la Kiingereza. Kanisa zima likasoma "Marehemu Fathom". Fathom, Mbinya! Baba yetu! Carolyne alilia mpaka akahama kanisa.

Sasa sikia. Siku moja kabla, Carolyne alikuwa amemletea Syombua nakala ya kwanza aikague. Syombua aliliona lile kosa. Aliliona, Mbinya!

"Nikamwambia, iko sawa kabisa, Carol, kachape zote," Syombua akasema.

Nikamuuliza, na Baba je?

"Siku hiyo sikumwona Baba," akasema. "Nilimwona Carolyne tu."