Karatasi Uliyonililia Stesheni

Kanyenye, Tabora

Mdogo wangu Zuhura,

Kabla hujanuna, marahaba. Najua hujaniamkia, lakini mkubwa ni mimi, naipokea hivyo hivyo. Hujambo? Lile goti la kushoto bado linalia ukishuka ziwani kuanika dagaa? Na kikohozi je, umeacha kulala na jiko mlangoni kama nilivyokukataza? Mimi mzima. Meno yamebaki ya kuhesabu, macho yanaona vya mbali, vya karibu yamegoma. Mvua huku inatutania, inakusanya mawingu halafu inaondoka nayo.

Ramadhani mwanangu, wewe unayemsomea mama yako, soma taratibu. Akikuambia acha, usiache. Pale ninapojitukana mwenyewe ndipo upandishe sauti. Simu zangu mama yako anazikata, mwaka wa tatu sasa, ndiyo maana natuma kitabu. Anayeniandikia ni Hadija, mjukuu wangu, na nimemwapisha aandike ninavyosema, asininyooshe.

Zuhura, neno langu ni lile lile, karatasi ya Mama, ile dua yetu. Niliichukua bila kukuomba. Sasa nairudisha, na kuna jambo lake lazima ulisikie. Lakini nikianza na mwisho hutaelewa, kwa hiyo tulia.

Kitabu hiki ulichoshika tumekifanya wenyewe, mimi na Hadija. Ndiyo kazi yetu siku hizi. Nilipokuja kukaa naye baada ya mama yake kwenda kwa Mola, nilimkuta anaokota makaratasi. Nikasema mtoto huyu msiba umempanda kichwani. Mfuko wa saruji anaupekua, ile karatasi ya ndani iliyo safi anaikata kurasa. Kalenda za mwaka jana, pakiti za majani ya chai, bahasha za kaki, gazeti lililofungia vitumbua, vyote ndani. Gundi anapika kwa unga wa muhogo, uji mwepesi, na maji ya mwarobaini ili wadudu wasile. Kurasa anazishona kwa shazia, sindano ile ya magunia, na uzi wake anaupaka nta ya nyuki. Halafu anabandika mapambo juu: kipande hiki, kipande kile, mpaka karatasi ya takataka inakuwa kama khanga ya sikukuu.

Wiki ya kwanza nilimtukana. Wiki ya pili nikamwambia, "Hebu lete hapo, hujui kukoroga gundi." Tangu hapo sijatoka.

Mimi herufi kwangu ni nyayo za kuku, wajua. Nabandika kwa rangi na umbo. Siku moja mwalimu wa shule akashika daftari langu, akasema, "Bibi, haya maneno umeyageuza, miguu juu." Nikamwambia, "Basi geuza kichwa." Akacheka, akalinunua, akarudi na wenzake. Sasa mtaani naitwa Bibi Makaratasi. Hata Mama Kulwa, jirani yetu anayetuuzia nta, asubuhi akishaniamkia kwa Kinyamwezi "Wangaluka" ananitupia na boksi tupu la sabuni juu ya ukuta.

Nilimwekea Hadija sheria moja tu: karatasi yenye herufi za Kiarabu haikatwi, haikanyagwi, haibandikwi. Tumelelewa hivyo mimi na wewe. Bibi yetu alikuwa akiona kijikaratasi cha namna hiyo njiani anakiokota, anakibusu, anakichomeka kwenye paa. Basi nami nikaokota. Pakiti za tende, makaratasi ya udi, maboksi ya sabuni kutoka Arabuni, yote nikayaweka kwenye bati kubwa juu ya kabati. Na katikati yake nikaiweka dua ya Mama, ndani ya kile kifuko cheusi alichokishona Bibi. Nikaona nimeipa majirani wema.

Kumbe tende, mdogo wangu, ni tende hata kwenye karatasi. Sisimizi walipanda kabati jeshi zima. Nilipofungua bati nilipiga kelele mpaka Mama Kulwa akaruka ukuta na mwiko mkononi. Kifuko kimetobolewa pembe, na karatasi ya ndani inachungulia.

Nilijisemea, hii ndiyo adhabu ya kumwibia Zuhura.

Hadija akamwita Ustadhi Sefu, mzee anayefundisha madrasa mtaa wa pili, atuambie tufanyeje na hayo makaratasi na nani aishone upya dua. Akaja, akavaa miwani, akaanza na lile rundo langu. Alichukua kipande cha kwanza, nilichokuwa nakipangusa vumbi kila Ijumaa.

"Bibi, hii umeihifadhi kwa nini?"

"Si maneno matukufu hayo?"

"Ni sabuni ya kufulia. Inasema inatoa madoa sugu."

"Na hii?" nikampa nyingine.

Akaitazama, akaitazama tena, midomo inamcheza. "Hii ni sumu ya mende, Bibi."

Mama Kulwa alikaa chini kabisa. Nami nilicheka, sikufichi. Nikasema, "Haya, niachie sabuni yangu, nisomee dua ya mama yangu." Ustadhi akakata uzi kwa adabu, akaikunjua ile karatasi. Imekuwa ya manjano, mikunjo imekatika, wino wa kahawia. Akasoma kimya. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Bibi," akasema, "hii si dua. Herufi za Kiarabu, lakini maneno ni Kiswahili chetu. Hii ni barua. Mume anamwandikia mkewe."

Zuhura, ni Baba. Ni barua ya Baba kwa Mama.

Bibi hakujua, masikini. Baba alikuja huku Tabora kutafuta, homa ikamkuta, akazikwa huku. Mama naye akaondoka wewe ndiyo kwanza unasimama dede. Bibi akaikuta karatasi imefungwa kwenye pindo la khanga ya marehemu, akaona herufi, akabusu, akashona. Mama lazima alisomewa na mtu. Sisi hatukuwahi. Tumeivaa shingoni kwa zamu tukiugua surua, tukagombania kama kuku na utumbo, na hakuna aliyeifungua, maana dua haifunguliwi.

Sasa sikiliza alivyosema. Ustadhi amesoma mara tatu na Hadija ameandika neno kwa neno:

"Ama baada ya salamu, mimi niko Tabora, nashona magunia kwa Mwarabu. Mikono ina malengelenge lakini riziki ipo. Tumbo lako lina hali gani? Maji usiteke mwenyewe. Nimempa mtu anayekuja huko kitambaa cha buluu, mbeleko ya huyo ajaye. Akiwa mwanamke jina lake Zuhura, jina la mama yangu, na watu wasikubishie. Kila jioni nahesabu miezi yake kwa vidole. Nikija nataka yeye ndiye nimshike kwanza, kabla ya maji ya kunawa. Yule mkubwa mkataze kula udongo."

Basi. Hayo ndiyo yote.

Umesikia, mdogo wangu? Ramadhani, rudia hapo pa jina. Rudia na pa vidole.

Alikujua. Alikujua kabla hujatoka. Alikupa jina, tena la mama yake. Mimi, niliyejitapa maisha yote kwamba Baba alinibeba begani, nimetajwa mstari mmoja, na ni kwa sababu ya kula udongo! Hata jina langu hakuliandika. Mama Kulwa akaniambia, "Bibi, yaani miaka yote umevaa barua ya mapenzi shingoni ukidhani kinga ya surua?" Nikamwambia anyamaze. Alikuwa analia mwenyewe.

Sasa nitasema la kwangu, na Hadija asipunguze. Nilikuwa mbaya kwako. Tukigombania kijiko nilikuwa nakuambia, "Wewe Baba hakukujua, hata kivuli chako hakukiona." Nilijua hilo ndilo linalokuchoma, ndiyo maana nililisema. Siku ya harusi yako, ukipakwa hina, uliniuliza kama Baba angekuona njiani angekutambua. Nilicheka, Zuhura. Mikono yako ilikuwa imejaa hina, huwezi hata kujifuta macho, na mimi nikacheka. Na ile siku stesheni ya Kigoma, uliponililia dirishani, "Dada, Baba ulimchukua toka utotoni, sasa unachukua na dua ya Mama, mimi nibaki na nini, popo wa darini?" nikageuza uso kana kwamba sikusikia. Nilisikia. Niliogopa kuzeeka ugenini bila kinga. Nikaona bora wewe ukose kuliko mimi.

Nisamehe. Sina neno refu zaidi.

Hadija aliniuliza tuibandike wapi barua. Nikamwambia hiyo haipakwi gundi. Tulikwenda dukani ikatolewa kopi mbili. Moja nimebaki nayo. Nyingine utaiona ukurasa wa katikati: hapo ni mimi nimefanya, siku nne. Zile nyuzi ni za gunia. Yale makaratasi ya buluu ni ya sukari, nimeyachana kwa mkono yawe kama ziwa letu asubuhi. Kipande chekundu pembeni ni lile boksi la sumu ya mende, nimekiweka ucheke. Ustadhi amehakikisha maneno ya Baba hayakugeuka miguu juu. Barua yenyewe, aliyoishika Baba, imo mfukoni nyuma ya kitabu, ndani ya kifuko cha Bibi. Nimekishona pale sisimizi walipotoboa, kwa shazia. Nilikuwa nikivuta uzi nikamfikiria Baba na magunia yake, na malengelenge.

Ni yako. Usimpe mtu akuwekee.

Na jalada unalolishika tangu mwanzo, hebu lipapase. Unalijua? Ni ile mbeleko ya buluu yenye ukingo mwekundu. Ile niliyokuambia ni yangu nikakunyang'anya, nikaifanya kilemba, nikaijazia mto, nikaja nayo mpaka huku. Imebaki kipande. Nimekivisha kitabu chote bila kukikata hata ncha. Ulibebwa humo wewe. Mimi niliazima tu.

Kurasa nyingine nimeziacha tupu. Kuandika hujui, nami kusoma sijui, tusidanganyane. Bandika. Magamba ya samaki, kipande cha khanga yako, ganda la kitunguu, chochote ulichokishika kwa mkono wako, halafu Ramadhani akirudishe kwa treni. Kikija kitupu nitajua bado umenuna, na nitakuacha unune mpaka upoe. Kikija na hata ganda moja, napanda treni wiki hiyo hiyo, meno haya haya, na wewe ndiye nitakayemshika kwanza, kabla ya maji ya kunawa.

Msalimie mkwe wako anayekupikia, mwambie chumvi apunguze. Msalimie shemeji yetu mvuvi na yule wifi mwenye duka la mafuta ya taa. Wajukuu wote wabusu vichwani, hasa yule anayekula udongo. Mwambie amefuata ukoo.

Hadija anakuamkia, shikamoo Bibi mdogo, na gundi imemshika nywele.

Ni mimi, yule mkubwa. Jina langu ameliandika Hadija, Mwajuma, lakini hilo doa hapa chini ni dole gumba langu, lina uji wa muhogo na wino. Weka lako pembeni.