Nilimpa Divine Manette Mbovu

Jumapili, saa tisa alasiri. Mvua haijakatika tangu tulipotoka misani, na barabara yetu hapa Katoyi, Goma, imegeuka uji mweusi. Nimevua viatu mlangoni, nimejifunika kitenge, na chai imepoa kabla sijaionja. Naandika haraka kwa sababu nikikawia nitaanza kujitetea.

Nina aibu leo. Chini ya aibu hiyo kuna furaha, lakini sijui kama nina haki nayo.

Basi niseme: jana, mbele ya umati uliojaa hadi madirishani, nilimpa Divine manette mbovu ya kuchezea mchezo wa video. Kwa makusudi.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza, mimi ni Mama Kavira, mzaliwa wa Butembo. Zamani nilikuwa nikiuza vitenge, nikilala juu ya mizigo kwenye malori. Miaka sita iliyopita niliacha biashara hiyo nikafungua salle, ukumbi wa michezo ya video wenye skrini sita, na ndugu zangu wote wakadhani nimerukwa na akili. Divine ana miaka ishirini na miwili. Familia yake ilitoka upande wa Rutshuru na sasa anaishi Majengo kwa shangazi yake. Anacheza mpira wa kwenye skrini, na hiyo ndiyo kazi yake hasa: kuna timu ya Kampala inayomlipa kila mwezi acheze mashindano ya mtandaoni kwa jina lao. Mazoezi anayafanyia kwangu.

Nimeuza sokoni miaka kumi na saba. Kazi naijua nikiiona, na ya Divine ni kazi. Kabla ya kuanza anavua pete, anakausha viganja kwa taulo dogo, kisha anafungua daftari la shule ambalo ameandika kila bao alilofungwa: nani, dakika gani, kosa lilikuwa lipi. Mabao aliyofunga hayaandiki. Niliwahi kumwona akirudia kona moja ileile kwa wiki mbili, kuanzia asubuhi hadi wavulana wa zamu ya mchana wanaanza kunung'unika. Nikamwuliza kama haichoshi. Alisema inachosha sana, akaendelea.

Lakini mjini wengi hawakuwahi kumwamini. Tangu akiwa mdogo wimbo ni uleule, kwamba wavulana wanamwachia ashinde kwa kuwa ni msichana. Na kinachouma ni kwamba mwanzoni ilikuwa kweli. Alinisimulia mara moja, macho yakiwa kwenye skrini, jinsi kaka zake walivyokuwa wakimwachia alipokuwa na miaka kumi. Siku aliyowasikia wakicheka juu yake nyuma ya nyumba, alilia kuliko siku zote alizowahi kupigwa. Tangu hapo hajamwachia mtu yeyote. Hata binamu yake wa miaka saba anapigwa mabao, tena bila kuombwa radhi.

Ndipo akaja Makoro.

Makoro ni mwimbaji, mtoto wa Majengo, siku hizi anaishi Nairobi na nyimbo zake zinapigwa kila kona. Alirudi kumsalimia mama yake. Alipohojiwa redioni akajisifu kwamba kwenye mpira wa skrini hakuna wa kumweza mjini humu. Vijana wakalidaka neno hilo kabla halijapoa: acheze na Divine, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa parokia. Kiingilio kikawa kipande cha sabuni kwa ajili ya akina mama waliojifungua.

Alhamisi mwandalizi, Papa Trésor, akaja salle kwangu. Ni mwalimu, mtu wa adabu, haongei mpaka amekaa. Alitaka nimwambie Divine acheze kwa upole. Si lazima ashindwe, alisema, ila asimvue mgeni nguo mbele ya watu wake. Kwetu mgeni anapewa kiti kizuri na kipande kikubwa cha nyama. Utampaje mabao kumi? Watu wanakuja kufurahi, na mwaka huu siku za kufurahi tumezihesabu kwa vidole. Na bondia, alisema, hapigani na mpishi kwa nguvu zake zote.

Bado naona alikuwa na hoja.

Nikampelekea Divine ujumbe huo na akakataa. Hakukasirika. Alisema Jumamosi watu wa Goma watamwona kwa macho yao kwa mara ya kwanza, na akimwachia Makoro, watarudi nyumbani wakiamini ndivyo anavyocheza. Nikamwambia sawa, mwanangu, cheza unavyojua.

Nilisema hivyo kwa mdomo. Moyoni niliogopa. Ukumbi utajaa watu wanaompenda Makoro, na huyu binti atawaaibishia mtoto wao. Nilifikiri watamzomea, na Jumatatu akipita njiani waanze kuuliza huyu ametoka wapi, ni wa kabila gani. Sote tunajua jinsi swali hilo linavyoanza kwa utani na linavyomalizika. Sikulala vizuri.

Sasa niwaeleze kuhusu manette zangu. Zile za kuchezea, za kushika mikononi, ninazo kumi na tatu, na wavulana wamezipa majina. Moja inaitwa Chukudu, kwa sababu inavuta kushoto kama chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyopakiwa viazi upande mmoja. Ukiishika, mchezaji wako anatembea kushoto hata kama hujamgusa. Hutolewa siku ambazo nyingine zote zimeshikwa.

Na ukutani kwangu nimeandika kwa rangi nyekundu: MANETTE HAINA KOSA. Niliandika mwenyewe, kwa hasira, nilipochoka na watu wanaopigwa kisha wanalaumu kifaa. Sheria ya salle ni kwamba ukishakaa na mchezo ukaanza, umekubali ulichoshika. Anayelalamika anachekwa na kila mtu, na zamu yake inaenda kwa mwingine. Sheria hii imetoka kwangu ikasambaa mpaka Majengo.

Jana mimi ndiye niliyepeleka vifaa ukumbini. Mimi niliyeunganisha nyaya. Mimi niliyeweka Chukudu kwenye kiti cha Divine. Nilijiambia kwamba kwa njia hii yeye atacheza kwa nguvu zake zote kama anavyotaka, mgeni hataaibika, na hakuna atakayejua.

Alijua kwa sekunde mbili. Niliona dole gumba lake likisimama. Aliinua macho, akanitafuta kati ya watu, akanipata. Kisha akageukia skrini, akacheza.

Sijawahi kuona kitu kile. Kila mchezaji aliyempa mpira alikuwa akipotelea kushoto, naye alikuwa akimrudisha, akimrudisha, na bado alifunga la kwanza. Lakini Makoro si mchezaji mbaya. Alisawazisha, kisha akafunga la pili, akasimama akacheza ile ngoma yake, na ukumbi ukapagawa. Ikafika mapumziko, mbili kwa moja.

Nyuma yangu kijana mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba leo ndiyo tumeona: amekosa wa kumwachia.

Divine alisikia. Alikuwa amekaa, taulo magotini, mikono juu ya manette mbovu. Hakuweza kulalamika. Sheria ilikuwa yangu na aliiheshimu hata pale nilipomsaliti nayo.

Nikainuka. Nikaenda mbele. Nilitaka kumnong'oneza Papa Trésor, ila Makoro aliniona nikihangaika, akanipa mikro, kipaza sauti, kwa heshima akidhani nataka kumpongeza. Basi nikasema kwenye mikro. Nilisema manette ya Divine ni mbovu, kwamba si ajali, kwamba ni mimi niliyeichagua.

Makoro akanikaribia.

"Mama, ni mimi mulikuwa munahurumia?" akauliza, kwa wingi wa heshima tunaompa mkubwa.

"Ndiyo, papa."

Akaichukua Chukudu mkononi mwa Divine, akaijaribu. Kwenye skrini mchezaji akatoka zake uwanjani kupitia kushoto. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Alisema mabao yote yafutwe, tuanze sifuri kwa sifuri. Nikaleta manette nzuri, nikamwekea Divine magotini bila kumtazama. Makoro akamgeukia.

"Usiniachie hata moja."

"Mi sikukuwa na mupango ya kukuachia," Divine akasema.

Alimfunga tisa.

La kwanza, Makoro alitikisa kichwa. La tatu, alicheka na kuomba maji. La tano, alivua miwani na mkufu, akaacha maneno. Hapo ukumbi ulikuwa kimya sana, na mimi nilishika rozari ndani ya mfuko nikingoja zomeo la kwanza. Badala yake mama mmoja wa makamo, aliyekuwa bado ameshika sabuni yake kwa kusahau kuitoa mlangoni, akasema, "Sita," kabla bao halijaingia. Likaingia. Watu wakacheka, na kuanzia hapo wakaanza kuhesabu pamoja naye. Kabla ya bao la saba mpira ulipita kwa wachezaji wote kumi na mmoja wa Divine, hata kipa, na Makoro hakuugusa. Wale vijana wa nyuma yangu walikuwa wamesimama juu ya benchi. Mmoja wao alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili na kurudia jina la Divine polepole.

Nilimwangalia uso. Hakuwa akimdharau Makoro hata kidogo. Alikuwa akimchezea kama anavyomchezea bingwa yeyote, kwa bidii ileile na macho yaleyale, na nikaelewa kwamba hiyo ndiyo heshima kubwa aliyo nayo ya kumpa mtu.

Kisha dakika za mwisho kabisa, Makoro alipiga mpira mrefu kwa kubahatisha, kipa wa Divine akatoka mapema, na Makoro akaunyanyua juu yake. Ukaingia.

Ndugu zangu, paa la parokia sijui limebakije. Makoro aliruka viti, akamkumbatia Papa Trésor, akamkumbatia yule mama wa sabuni, akazunguka ukumbi mzima akiwa kifua wazi. Alikuwa amepigwa tisa na alikuwa akilia kwa furaha. Aliporudi mbele, pumzi zimemwisha, alichukua mikro.

"Hii goli yangu ni ya kweli," akasema. "Munajua bote, ni ya kweli."

Na sote tulijua. Yale mawili ya mwanzo hakuna aliyeyakumbuka tena, na yeye mwenyewe hakuyataja.

Nimekaa na jambo hili tangu jana. Papa Trésor alikuwa sawa kwamba mgeni apewe kitu. Niliwahi kumwuliza Divine kama hawezi kumpunguzia mtu dhaifu, akasema anaweza, mbona, ila amwambie kwanza: nitacheza na wachezaji wanane, unakubali? Akikubali, sawa. Mimi nilimpunguzia Makoro bila kumwuliza na nikampunguza Divine bila kumwuliza, kisha nikaita upendo. Na ulikuwa upendo kweli, hilo ndilo linaloniudhi.

Tulipokuwa tukikunja nyaya, ukumbi umebaki mtupu, nilimwomba msamaha. Alikuwa akiandika kwenye daftari lake bao la Makoro, dakika na kosa, uso umekunjamana kama mtu aliyeibiwa. Kwake lile bao lilikuwa baya tu. Alimaliza kuandika kwanza.

"Bale bengine nilishazoea, Mama," akasema. "Kwenu nyinyi sikuzoea."

Nilijifanya natafuta mfuko wa nyaya mpaka macho yakakauka.

Baadaye, tukiwa njiani, yeye akiwa amebeba skrini moja na mimi nyingine, alinipa adhabu yangu. Miaka sita nina salle, na hakuna mtoto hata mmoja wa Katoyi aliyewahi kuniona nimekaa nacheza. Huwa nacheza peke yangu milango ikiwa imefungwa, kwa sababu naogopa kuchekwa na watoto ambao mama zao niliwauzia vitenge. Divine anajua. Akasema Jumatatu saa nne asubuhi, mbele ya wote, nikae naye mchezo mzima. Nikamwuliza kama ataniachia kidogo. Hata hakunitazama. Nikajikuta nacheka barabarani, na yeye akacheka, kwa mara ya kwanza siku nzima.

Mvua inapungua. Betri ya salle bado ina nguvu, nikimaliza hapa nashuka kufanya mazoezi. Nitapigwa kumi, labda kumi na mbili, na wavulana watahesabu kwa sauti, na hilo nimeshalikubali.

Lakini nataka bao moja. Moja tu, na nalitaka la kweli.