Kanda Uliyoipa Nafasi ya Kwanza

Haroub,

Salamu ni haki ya aliyelala kabla hajaambiwa neno jingine, basi zipokee zako. Nimeketi chumba cha nyuma hapa Mkunazini, pale nilipokuwa nikirekodi kanda, na nakuandikia nikiwa na hasira. Na wivu. Bora niseme mapema, maana uliwahi kuniambia kwamba uso wangu haujui kuuficha.

Arobaini yako imepita. Mama yako, Bi Zuwena, hajambo, ila goti linamsumbua. Radio-kaseti yako kaifunika kitambaa cheupe, haiguswi. Kanda hazina mnunuzi tena, watu wanataka sidii, nami siku hizi natengeneza simu za mkononi. Hayo yote nayameza. Lisilonipita kooni ni daftari.

Umempa Msellem daftari lako.

Msellem! Aliyetujia mwaka wa tisini, wakati mimi na wewe tunasikiliza roki tangu themanini na sita. Aliyekuwa akipenda zile za polepole tu, za kulialia. Siku ya khitma Bi Zuwena akatoa wasia wako mbele ya watu: saa kwa mdogo wako, kofia kwa mjomba, daftari kwa Msellem. Mimi nimeshika kikombe cha kahawa, nikamwambia Msellem hongera. Hongera kwenye khitma, Haroub. Watu walinitazama.

Ndani ya daftari hilo ndimo ulimoandika vikundi vya roki na metali vinavyostahili kukumbukwa, na namna yako ya kuhukumu ilijulikana baraza zote za mtaani. Ramadhani ikikaribia, kanda zote zinafungwa kwenye sanduku la Bi Zuwena, ufunguo anakaa nao yeye. Mwezi mzima hakuna gitaa. Idi pili tunakusanyika kwenu, na kabla sanduku halijafunguliwa unamuuliza kila mtu: "Nani umemkumbuka?" Hukuuliza nani mzuri. Kikundi ambacho hakuna aliyekitamani ulikipiga mstari, hata kiwe maarufu namna gani huko Ulaya. Wale wenye nywele ndefu waliokuwa ukutani kwako uliwafuta, na picha ukaibandua. "Kelele zao zinakwisha kanda ikisimama," ulisema.

Watu walikuja kutoka Amani, na mwalimu mmoja akitoka Makunduchi kila Idi, kuuliza Haroub kasemaje. Mimi hakuna aliyeniuliza. Kanda walizosikiliza niliwarekodia kwa mkono huu, na sikio langu ndilo lililojua gitaa lipi limekwenda kombo. Lakini nikisema neno, walikugeukia wewe kutaka uhakika. Nilicheka nao, na moyoni nilikuwa naungua.

Ndipo nikafanya nililolifanya.

Baharia mmoja aliniletea kanda mbili za vikundi viwili visivyojuana. Cha kwanza kilikuwa metali nzito, ngoma kama watu wanaezeka bati. Cha pili roki ya kizamani, kinanda kingi na sauti nyembamba ya huzuni. Nikavitia kwenye kanda moja ya dakika tisini, upande mmoja hiki na upande wa pili kile, nikaandika jina moja tu, la kile cha kwanza. Kanda zetu hazikuwa na picha wala maelezo. Jina lilikuwa lile nililoandika mimi, na kila mtu aliliamini. Nikakupa kabla ya Ramadhani. Nilitaka hakimu ateleze, nione.

Ukateleza. Idi pili ile ulisema mwezi mzima hukukumbuka kikundi kingine chochote. Ukakipa nafasi ya kwanza, na hakikutoka tena. Miaka kumi na moja nimekaa na siri hiyo. Kila ulipokuwa ukisifiwa nilikuwa naitafuna peke yangu, kama karafuu.

Sasa Msellem anataka orodha yako isomwe kwenye redio mpya ya hapa mjini, Alkhamisi jioni, kwa jina lako. Juzi baada ya Laasiri nikamwendea kwake Kiponda, kanda mbili za asili nimezitia mfukoni. Nilitaka aaibike. Nilitaka uaibike wewe, Haroub, Mungu anisamehe, humo humo kaburini.

Nikamweleza yote. Hakushtuka. Akafungua ukurasa wa kwanza, akanisogezea. Chini ya jina la kikundi, mwandiko wako: "Ni vikundi viwili. Peke yake hakuna kinachofika popote. Nafasi hii ni ya aliyeviunganisha."

"Mie nshajua zamani," Msellem akanambia. "Haroub kasema, 'Nassor ana sikio kutuzidi sote, lakini nnangoja anambie mwenyewe.' Daftari si langu. Kaniwekesha, nikupe siku utayosema. Chukua amana yako."

Nilishuka ngazi zake nimelikumbatia, sikuaga.

Ungedhani nimefurahi. Nilikaa hapa nikalia, na kilichoniliza kwanza kilikuwa wivu, si aibu. Aibu ilikuja baadaye. Maneno yale yalikuwa yangu, ukampa Msellem. Amana ukampa Msellem. Miaka yote alikuwa akinitazama nikinyamaza, anajua. Ungenambia, Haroub. Mara moja tu, hata kwa kunikaripia, pale barazani, ungenambia. Au mimi ningekwambia. Tulikuwa tunaonana kila siku.

Basi nakwambia sasa, ingawa nimechelewa. Kanda ile niliifanya kwa husuda. Nilitega mtego, na wewe ukasikia muziki.

Alkhamisi nitaisoma orodha mwenyewe redioni. Nikifika nafasi ya kwanza nitataja majina yote mawili, kisha nitasema ni nani aliyelificha moja na kwa nini, kwa jina langu na la baba yangu, mama yako akisikia. Nakuahidi hilo. La kumpenda Msellem nipe muda.

Mola akulaze pema, hakimu wangu. Bado nakuonea wivu, tena kuliko zamani. Wewe uliweza kusikia kitu cha mwenzio ukakiita kizuri, na mimi miaka yote ile sikuweza hata mara moja.

Nassor