Kasha la Musyoka, Matumbo Mapya

Jumapili. Hapa Kileleshwa, Nairobi, kumepoa tangu asubuhi. Hii baridi ya mwezi wa saba haina hata mvua ya kuilaumu, ni wingu tu limekaa juu ya magorofa kama mgeni asiyeaga. Nimetoka kanisani, nimevua viatu, nimefunga madirisha yote. Nyumba iko kimya hadi nasikia friji.

Wiki hii nimeambiwa ninavaa ngozi ya maiti. Nimeambiwa na watu nisiowajua.

Kosa langu ni hili. Nilichukua kompyuta ya zamani ya marehemu mume wangu, nikamwambia fundi atoe vyote vya ndani na kuweka vipya. Ukiitazama kwa nje ni ileile, kasha pana la rangi ya maziwa ambalo miaka imeligeuza manjano kama meno ya mvuta sigara. Ndani sasa kuna kitu kingine kabisa, kidogo kama pakiti ya biskuti.

Musyoka alikuwa karani serikalini. Ofisi yao ilipobadilisha mashine, waliruhusiwa kuchukua zile za zamani, naye akaja na yake imefungwa kwa blanketi, akaipandisha ngazi akiwa ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Tangu siku hiyo akawa mchapaji wa kila mtu. Alichapa kadi za harusi na ratiba za maombi, lakini hasa programu za mazishi, zile karatasi zenye jina la marehemu na wasifu wake. Mtu akifiwa, kabla hata hajatafuta gari la kupeleka mwili nyumbani Ukambani, alimtafuta Musyoka. Alichapa kwa vidole viwili, ncha ya ulimi nje. Hakuwahi kukosea jina la marehemu. Alikuwa anawapigia simu wajomba wa watu kuuliza jina linaandikwaje.

Programu yake mwenyewe ilichapwa town, kwenye duka la harakaharaka. Waliandika Musioka.

Sijawahi kumwambia mtu jinsi nilivyokaa pale mstari wa mbele, pasta akihubiri, nami natazama ile i.

Baada ya mazishi niliiacha mashine mezani chini ya kitambaa cha kufuma. Kisha mwaka huu, siku moja tu, bila sababu, nikataka kuiwasha. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Nikaipeleka town kwa teksi. Fundi anaitwa Swaleh, kijana wa Mombasa, ana chumba kidogo ghorofani karibu na msikiti. Alifungua kasha, akaniita nisogee. Ndani palikuwa na kitu cha kijani kimeota kama ukungu kwenye mkate.

"Betri imevuja, mama. Imeila bodi yote," akasema. Bodi ni ule ubao wa ndani unaobeba kila kitu.

"Haitengenezeki?"

"Ingetengenezeka tungepata bodi nyingine kama hii. Nitakuulizia hadi Mombasa, lakini nisikudanganye, sidhani." Akapitisha mkono juu ya kasha. "Kasha lenyewe zima. Naweza kukuwekea kompyuta ya siku hizi humu humu, na kibodi yake utumie ileile. Ama uirudishe nyumbani iwe pambo. Shauri yako, mama. Sitaki kukutia maneno."

Siku chache baadaye akanipigia: Mombasa hakuna. Nikamwambia nitafikiria.

Kufikiria na nani sasa? Binti yangu Mumbua yuko Eldoret. Akasema, "Mum, si utupe tu hiyo kitu? Nitakuletea laptop." Ana nia njema. Ni mtoto mzuri na ana haraka.

Basi nikaenda kuuliza intaneti. Kuna kundi la watu wanaopenda kompyuta za kale. Nikaweka picha, nikauliza kama ni sawa kutia vitu vipya ndani ya kasha la zamani. Sikusema ni ya nani.

Yaliyofuata! Kuna waliosema kasha lisilowaka ni bati tu, fanya utakavyo. Lakini anayejiita Mlinzi aliandika hivi: "Fundi atakata vyuma, atatoboa mashimo, na kasha halitarudi lilivyokuwa milele. Vitu hivi vimebaki vichache. Wewe unataka kuvaa ngozi ya maiti." Wengi wakamshangilia. Nilisoma nikiwa nimesimama jikoni, na nikaendelea kusimama muda mrefu.

Kesho yake nikampigia Swaleh, nikamwambia afanye. Nakiri, nilikuwa na hasira.

Hakukata chuma, hakutoboa hata tundu moja. Alitumia matundu yaliyokuwepo. Na vile vya zamani alinipa vyote ndani ya mfuko. "Ni vyako, mama. Usitupe." Nikarudi kwenye lile kundi, nikaandika kwamba imeshafanywa, na anayetaka bodi iliyokufa aseme. Wa kwanza kujibu alikuwa Mlinzi. "Tafadhali usitupe. Naja popote."

Jana Jumamosi nilikuwa nasukwa nywele Kenyatta Market, kwa hivyo nikamwambia aje huko. Nilitarajia kijana mwenye mdomo. Akaja mzee wa koti lililopigwa pasi, kofia mkononi, amepotea katikati ya milango ya saluni huku wasichana wakimwita, "Mzee, karibu, tukusuke!" Jina lake Makau, mwalimu mstaafu, anaishi peke yake Muthangari. Mkamba mwenzangu, tena wa Machakos.

Tulikaa kwa wachoma nyama. Aliagiza supu tu, meno yanamsumbua. Moshi ulikuwa unatufuata kila tukisogeza viti.

"Ni wewe uliyeniandikia ngozi ya maiti?" nikamuuliza.

Akaitazama supu yake. "Ni mimi. Sikujua ni ya mumeo." Hayo nilikuwa nimeshamwambia tulipokuwa tunatafuta meza.

"Ungejua ungeandika nini?"

"Ningeandika hivyohivyo. Lakini polepole."

Nilicheka. Nilicheka hadi mwenye nyama akageuka. Sikumbuki mara ya mwisho.

Kisha akajieleza, na nitakuwa mwongo nikisema hakunigusa. "Nairobi hii inabomoa kila kitu, mama. Nyumba niliyofikia nikiwa kijana sasa ni gorofa. Shule niliyofundisha wamebadilisha hadi geti. Mtu akisema aliishi hapa, ataonyesha nini?"

Nami nikamwambia, "Koti la Musyoka linavaliwa na kaka yake. Mashati niligawa. Hakuna aliyesema kaka yake anavaa ngozi ya maiti, wanasema limemkaa vizuri."

Tulikuwa tunasemezana kama watu waliojuana zamani.

"Mashine zako zinawaka?" nikamuuliza.

"Siziwashi. Zinaweza kuungua."

"Na watoto wako wanazionaje?"

"Wakija wanasimama mlangoni. Kila kiti kina mashine." Alitabasamu, lakini macho hayakutabasamu. Kisha akaniuliza, "Na yako ikiwaka, unajisikiaje?"

Nikasema vizuri. Akaningoja, kama walimu wanavyofanya wakijua hujamaliza jibu. Basi nikamwambia ukweli.

Mashine ile ya Musyoka ilikuwa nzito kuamka. Alikuwa anabonyeza, inaanza kunguruma, kisha anaiacha na kuja jikoni. Anakaa kwenye kile kiti kifupi, namtilia chai. Tunasubiri. Ni katika kusubiri huko tulikochagua jina la Mumbua. Ni huko tuligombana juu ya mama yake, na tukapatana. Ni huko aliniambia daktari amesema nini. Alisema, akanywa chai, kisha akasimama kwenda kuangalia kama imewaka, kwa sababu kulikuwa na mtu anasubiri programu.

Alhamisi nilipoirudisha nyumbani nilibonyeza na kwenda jikoni, miguu ilijipeleka yenyewe. Sikuwa nimefika kwenye sufuria. Ilikuwa imeshawaka. Inaamka kabla hujageuka. Nikabaki nimeshika kikombe katikati ya nyumba, na hakuna aliyekuwa anakuja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Mzee Makau hakunipa pole. Alitoa kitambaa mfukoni, akaifunga ile bodi iliyooza taratibu, pembe kwa pembe. Kisha akasema, "Basi hata ningekupatia bodi mpya kabisa ya aina ileile, na ikanguruma vilevile, nisingekupatia hiyo chai."

"Hapana," nikasema. "Usingeweza."

Tukaachana pale barabarani. Nilirudi nyumbani na kichwa kinauma kwa nywele zilizokazwa, nikalala na jua bado liko.

Sasa, ni sawa au si sawa? Leo kanisani nilijiuliza wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe. Nadhani Mlinzi ana haki ya kulinda na mimi nina haki ya kutumia, na kila mmoja wetu alitegemea kasha lifanye kazi ambayo kasha haliwezi. Sijutii. Leo alfajiri nimechapa jina lake kwa kibodi yake, na y yake, nikaliangalia kwenye skrini. Lakini sitasema pia kwamba nimepona, maana sijapona.

Mchana huu simu imelia nikadhani ni Mumbua. Ni mzee Makau. Anasema hajalala vizuri akiiwazia ile bodi, kwamba huenda mashine zake nazo zinaliwa kwa ndani na hajui, kwa sababu hajawahi kuzifungua. Anataka kutoa betri zote kabla hazijavuja. Mikono yake inatetemeka, anahitaji mtu wa kumshikia tochi. Jana nilimpa namba ya Swaleh, naye amekubali kuja Jumamosi. Je, nami ningeweza?

Nilifikiria majirani, nikafikiria Mumbua atasema nini, mjane anaenda Muthangari kwa mzee anayeishi peke yake. Nafikiri alinisikia nikifikiria.

"Nimeshaondoa moja kwenye kiti," akasema.

Nikamwambia nitakuja.

Sasa nimekaa hapa najiuliza nitabeba nini, maana mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Mkate? Sukari? Ndizi, kwa sababu ya meno yake? Sijamtembelea mtu tangu tumzike Musyoka, na nimesahau kabisa watu hubeba nini.