Mlango Uliotazama Bahari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku kilimani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuachia. Sisi hatujambo. Baba goti bado linamsumbua, lakini mdomo wake hauna maradhi: kila mgeni akiingia anaonyeshwa picha yako gazetini kabla hata hajapewa kiti.

Sitakuficha, picha ile inaniuma. Miaka kumi na miwili nafyeka njia za kilima hiki, nazibua mifereji, nasukuma toroli kutoka ufukweni mpaka juu, na jina nililoambulia ni hilohilo, Toroli. Wewe ukaja na brashi na kofia pana, ukakaa wiki tatu, kilima kikawa chako. Wageni wananiuliza njia ya kwenda kwenye mawe ya Profesa. Mawe ya Profesa! Nawaonyesha huku nimeuma meno. Shemeji yako anasema kijicho kitanikondesha. Amechelewa, nimeshakonda.

Baba ananiambia kitabu chako kinachapishwa mwisho wa mwezi, na sura nzima ni ya ule mlango. Alinisomea mwenyewe kutoka barua yako, akifuta machozi: kwamba watu wa kale walijenga nyumba yao kwa duara la mawe, wakaacha nafasi upande wa bahari kwa makusudi, ili jua likichomoza liwaingilie ndani, na kwamba hiyo ilikuwa ibada yao.

Sasa kama umesimama, kaa. Mlango huo niliutoboa mimi. Mwaka ule mvua ilipobomoa njia kwenye kona ya tatu, nilihitaji mawe ya kuzuia udongo. Kule juu nikaona mawili makubwa, nikayapakia. Sikujua ni ya nani, Mungu shahidi. Yapo konani mpaka leo, nimeyapaka chokaa.

Lakini ulipokuja kupima, nilikuwa nimeshajua kwamba ni mawe ya watu wa kale. Nilisimama na fyekeo langu nikakutazama ukipiga magoti kwenye ile nafasi, unaandika huku unatabasamu, nikanyamaza. Nilisema moyoni, mwache, na yeye siku moja achekwe. Nimelinyamazia jambo hili mwaka mzima, na halikunipa raha niliyoitegemea.

Ifute sura hiyo kabla hawajachapa. Wataje jina langu wakitaka. Kibarua kikiota nyasi, na kiote.

Limebaki moja. Jumapili watu hupita pale mmoja mmoja, wanainama ingawa juu hakuna kitu, wanasema aliyeuweka mlango ule alikuwa na akili. Mdogo wangu, hiyo ndiyo kazi yangu pekee niliyowahi kusikia ikisifiwa, na wanakusifu wewe.

Nisalimie mkeo sana, na jitunze kifua. Baba bado sijamwambia. Mwambie wewe, maana mimi hataniamini.

Ni mimi kaka yako,
Toroli