Karanga Mbele ya Mlango

Al-Hindawiyah, Jeddah

Dada yangu Nafula,

Pokea salamu za ndugu yako, na umfikishie Mama zake kabla hujasoma zaidi. Magoti yake yanaendeleaje? Kwenye simu ulisema mvua ya huko Bungoma imemrudisha kitandani, na tangu hapo sina amani. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sitaki kukudanganya.

Uliuliza kwa nini nilizima simu. Nisingeweza kueleza kwa mdomo, ndiyo maana naandika. Ni habari ya mbwa, Nafula. Najua utacheka, na usipocheka wewe, shemeji atacheka. Chekeni tu, lakini soma hadi mwisho.

Unakumbuka nilikuwa bawabu wa jengo la ofisi kule Olaya, Riyadh, kabla madam mmoja wa pale hajanichukua nimsaidie na mbwa anaowaokota. Kafili, yule mdhamini wangu, alikubali, ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ikabadilishwa, nikahamia shamba alilokodi nje ya mji. Wengi walikuwa pitibuli, wale wenye kichwa kama tofali, ambao watu huwanunua kwa kujionyesha kisha wakawatupa jangwani. Kazi yangu ilikuwa kuwarudishia imani: kula bila kugombana, kutembea na kamba bila kuvuta, kushikwa masikio na mgeni bila kukasirika. Mbwa akishatulia, madam anamtafutia familia.

Karanga, mbwa jike, alikuja na kovu shingoni. Jina nilimpa mimi kwa ajili ya rangi yake. Kwa muda mrefu hakukubali nimguse, nikawa nakaa tu karibu na chakula chake nikiimba nyimbo za kanisani, maana sikujua kingine cha kumwambia mbwa. Siku aliyokuja mwenyewe akaweka kichwa kwenye goti langu, nililia. Basi nikamfunza yote niliyoyajua, pamoja na ya kwetu. Unamjua Baba: mbwa akikanyaga kizingiti, anarushiwa kiatu. Mimi sikurusha kiatu. Nilimkataza kwa upole, kila mara, mpaka akawa akifika mlangoni anaketi kama mtoto aliyelelewa vizuri. Nilijisifu sana.

Familia moja ya mtaa wa Al-Malqa ikampenda, tukampeleka. Madam aliingia, mimi nikabaki nje, maana hakuna aliyenikaribisha na siingii nyumba ya watu hivi hivi. Karanga akanitazama, akaketi kando yangu. Mwenye nyumba akamwita, watoto wakamwonyesha nyama, hakusogea. Alikuwa anafanya nilivyomfunza. Yule baba akashika ukanda wa shingo, pale pale penye kovu, akamvuta, na Karanga akanguruma. Hakuuma. Alinguruma mara moja tu, lakini kwa pitibuli hiyo inatosha. Tulirudi naye.

Wakati huo mwenye shamba alikuwa anataka shamba lake, na mbwa walitakiwa kuhamia Jeddah kwa rafiki wa madam, ambaye hana banda, huwalaza ndani ya nyumba. Nikamwomba madam anipe muda. Kila siku jua likipoa nilikaa chumbani kwangu, mlango wazi, nikimwita.

"Ingia, mama. Ingia, hakuna kiatu."

Alitetemeka pale kizingitini, akinitazama kama anauliza iwapo nimesahau sheria yangu mwenyewe. Mwishowe akaweka mguu mmoja ndani. Siku nyingine akaingia mzima, akanusa kila pembe, akalala juu ya kandambili zangu. Nilikimbia kumwita madam aje aone.

Alikuja, akaona, akaziba mdomo kwa mkono.

"Barasa, halas, imekwisha," akasema. "Jeddah wamesikia alinguruma, wamemkataa. Nimepiga simu kila mahali. Siwezi kumrudisha jangwani."

Nilisema nitakaa naye mimi. Akaniuliza wapi. Shamba likisharudi kwa mwenyewe, mtu anayekwenda kulala kitanda cha kupandiana na wenzake hana pa kumweka mbwa.

Asubuhi tulimpeleka kwa daktari wa wanyama, kwa ile sindano ambayo mbwa haamki tena. Nilijua atasimama mlangoni. Nilitaka asimame, Nafula. Nilitaka akatae, aketi nje na mimi, tupate hata dakika hizo. Hakusimama. Alinitazama, akatikisa mkia, akaingia mbele yangu.

Sasa niko Jeddah na mbwa waliobaki, nawafunza kuingia ndani. Kila mmoja akivuka mlango wenye nyumba wanampigia makofi, mimi nageuza uso. Nimechoka, dada. Sioni tena faida ya mikono yangu hii.

Nisalimie shemeji na watoto, na Mjomba anayetuchungia ng'ombe. Mama usimsomee haya, mwambie tu nimehama mji na ninakula vizuri. Na yule mbwa wetu wa hapo nyumbani, mvua ikinyesha akaja mlangoni, mwacheni aingie.

Ndugu yako,
Barasa