Shuka za Ukumbi wa Dansi

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Mjukuu wako anaota meno, na usingizi tumeusahau. Hoteli yetu ya matajiri sasa ni hospitali ya vita. Kwenye ukumbi wa dansi ndiko ninakotandikia majeruhi. Msimamizi wa dobi bado anataka kila shuka ipigwe pasi. "Vita ni vyao," anatufokea, "mikunjo ni aibu yetu!"

Umeniita nimlete mtoto huko kwenye usalama. Nisamehe mama, siji. Gari la majeruhi likifika, mimi huzitazama nyuso zote kwanza. Mwanao hajaandika kutoka vitani tangu mvua zianze. Wakimleta kwa machela, nataka afumbue macho amwone mwanawe.

Ni mimi mkweo, nimechoka lakini nipo.